Mashine ya klorini ya chumvi inunuliwe kwa gramu na saa

Mabwawa ya kuogelea ya nyumbani yameongezeka pwani. Yako Mbezi Beach na Kigamboni, yako Nyali na Diani, na katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani hata nyumba ndogo za wageni siku hizi hujengwa na bwawa lake. Nyuma ya mabwawa hayo imefuata biashara ya mashine inayotengeneza klorini kutokana na chumvi iliyoyeyushwa ndani ya maji. Muuzaji huinadi kama njia ya kuachana na dawa: mwaga chumvi, washa, kisha sahau. Mnunuzi huuliza bei, halafu huuliza kama itatosha bwawa lake, naye huonyeshwa boksi lililoandikwa kwamba mashine yafaa bwawa la hadi lita elfu kadhaa. Mazungumzo huishia hapo. Naamini hapo ndipo fedha hupotea na, lililo baya zaidi, ndipo watoto huanza kuogelea katika maji yasiyo na kinga ya kutosha, kwa sababu ukubwa wa bwawa ulioandikwa kwenye boksi haumwambii lolote la maana mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Mashine hii ni kiwanda kidogo. Mwenye kununua kiwanda hutaka kujua kinazalisha kiasi gani kwa saa, na kitafanya kazi saa ngapi kabla mtambo wake haujachakaa. Mambo hayo mawili, gramu za klorini kwa saa na saa za uhai wa seli, ndiyo yanayopaswa kuamua ununuzi, na mengine yote yafuate.

Inafaa kwanza kueleza kinachotokea ndani ya bomba, maana maneno ya dukani yamepoteza wengi. Kwenye bomba linalorudisha maji bwawani, baada ya pampu na chujio, hufungwa kasha lenye mabamba membamba ya titani. Kasha hilo ndilo seli. Mabamba yake hupakwa oksidi za metali adimu na ghali, ruteni na iridi, kwa mbinu iliyotokana na kazi ya mvumbuzi Henri Beer katika miaka ya 1960, na ambayo viwanda vikubwa vya klorini duniani bado vinaitegemea. Umeme ukipita kati ya mabamba hayo huivunja chumvi iliyomo majini: upande chanya hutoka klorini, upande hasi hutoka gesi ya hidrojeni. Klorini ikikutana na maji hugeuka kuwa asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua vijidudu. Hii ni asidi ileile inayopatikana mhudumu anapomwaga klorini ya unga. Ikishafanya kazi yake, klorini hurudi kuwa sehemu ya chumvi na safari huanza upya. Kwa hiyo mashine haili chumvi. Chumvi hupungua pale tu maji yenyewe yanapotoka bwawani, wakati wa kuosha chujio, watoto wanaporusha maji, bwawa linapovuja au mvua inapolifurisha. Mashine nyingi hutaka gramu 3 hadi 4 za chumvi katika kila lita, ilhali maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Bwawa la lita 50,000 litahitaji kama kilo 175 mwanzoni, yaani mifuko saba ya kilo 25.

Kutokana na maelezo hayo ni dhahiri kwamba bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu imani kwamba halina kemikali ina madhara. Mtu anayedhani ameepukana na klorini huacha kupima maji, na asiyepima hatajua siku ambayo seli imechoka au umeme umekatika kwa muda mrefu. Wengine husema wameona tofauti: macho hayawi mekundu na ile harufu kali haipo. Wanachokiona ni kweli, ila sababu si chumvi. Harufu ile na muwasho wa macho huletwa na kloramini, zinazotokea klorini inapoungana na jasho na mkojo. Zikipata klorini ya kutosha kila siku huvunjwa, na mashine iliyochaguliwa vizuri huitoa klorini hiyo kidogo kidogo bila kusahau, wakati mhudumu wa unga huja Jumatatu na Ijumaa. Faida kubwa ya mashine ni huo mwendo usiokatika. Lakini faida hiyo hupatikana tu iwapo gramu zinatosha.

Tuchukue bwawa la kawaida la nyumbani, lenye uso wa mita za mraba 35 na kina cha wastani cha mita 1.4, takriban lita 50,000. Katika jua la pwani, likiwa na waogeleaji wachache, bwawa la namna hiyo laweza kupoteza miligramu 3 za klorini katika kila lita kwa siku. Zidisha, utapata gramu 150 kila siku, mwaka mzima. Mashine inayotoa gramu 25 kwa saa itaimaliza kazi hiyo kwa saa 6. Inayotoa gramu 12 itahitaji saa 12 na nusu, na muda wote huo pampu lazima iwe inazunguka, kwa kuwa seli haifanyi kazi bila maji kupita. Mashine hizo mbili zinaweza kukaa kwenye rafu moja, zote zikiwa zimeandikwa kwamba zinafaa lita 50,000. Aliyeandika boksi la ile ndogo huenda hakudanganya. Huenda alikuwa na bwawa la Ulaya kichwani, lenye jua hafifu na linalofunikwa usiku, au alihesabu pampu inayofanya kazi saa 24. Baadhi ya watengenezaji hutoa namba ya siku nzima badala ya saa. Gramu 600 kwa siku husikika kama wingi wa ajabu, kumbe ni gramu 25 kwa saa. Mnunuzi aigawe namba hiyo kwa 24 hapo hapo dukani.

Ipo pia njia ya kubaini uongo wa wazi, na haihitaji zaidi ya kusoma kibandiko cha umeme nyuma ya mashine. Kanuni alizozigundua Michael Faraday katika miaka ya 1830 zinaonyesha kwamba ampea moja ikipita kwa saa moja huzalisha gramu 1.3 tu za klorini, na umeme huo hauwezi kuivunja chumvi kwa msukumo ulio chini ya volti 2.2 hivi. Ukipiga hesabu, gramu moja ya klorini haiwezi kupatikana kwa chini ya wati-saa 1.6, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Kwa uhalisia hupotea kingi, na mashine nzuri hutumia wati-saa 4 hadi 6 kwa gramu. Basi ukikuta mashine ya bei poa inayodai kutoa gramu 30 kwa saa huku kibandiko chake kikisema inatumia wati 40, iache. Hakuna mbinu ya kisasa wala teknolojia mpya inayoweza kuitetea.

Kabla ya kulaumu gramu, lakini, mwenye bwawa achunguze kama klorini yake ina kivuli. Jua kali huiangamiza klorini isiyolindwa. Nusu yake huweza kuondoka kwa muda usiofika saa nzima. Kinachoilinda ni asidi ya sayanuriki, na kiasi kinachoshauriwa kwa mabwawa ya nje ni miligramu 30 hadi 50 kwa lita, ingawa watengenezaji wengi wa mashine za chumvi hupendekeza 60 hadi 80. Kwa bwawa letu la lita 50,000, miligramu 40 ni kilo 2 tu za unga. Bila kilo hizo, mashine yoyote itaonekana dhaifu na fundi ataishauri familia inunue kubwa zaidi. Kinyume chake pia hutokea. Vidonge vikubwa vyeupe ambavyo wengi wamevizoea tayari vimebeba asidi hiyo, nayo haitoweki kwa jua. Hujilimbikiza mwezi baada ya mwezi hadi klorini inakuwa nzito kufanya kazi, na tiba ya maana ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Aliyetumia vidonge kwa miaka apime kwanza, ndipo anunue mashine.

Kuhusu saa, wauzaji husema machache sana. Ule upako wa mabamba huchakaa kadiri seli inavyofanya kazi, na ukiisha seli haitengenezeki, hununuliwa nyingine, na hiyo ndiyo sehemu ghali ya mashine yote. Seli nyingi hudumu kati ya saa 5,000 na 10,000. Lakini dukani uhai huo hutajwa kwa miaka: mitatu, mitano, hata saba. Katika nchi ambako bwawa hufunguliwa miezi minne ya kiangazi na kufungwa baridi ikianza, seli ya saa 5,000 yaweza kufika miaka mitano bila shida. Kwetu bwawa halina likizo. Seli ya saa 8,000 inayofanya kazi saa 6 kwa siku itafika miaka mitatu na miezi minane hivi. Seli yenye saa hizohizo, lakini ndogo kiasi cha kulazimika kufanya kazi saa 12 na nusu kila siku, itakwisha kwa mwaka mmoja na miezi tisa. Wakati huohuo pampu inayotumia kilowati 1 imeongezewa saa 6 na nusu kila siku, yaani zaidi ya uniti 2,300 za umeme kwa mwaka, uniti ambazo mwenye LUKU au tokeni hataziona kwenye bei ya boksi. Ndiyo maana nasema, bila kusitasita, kwamba kwa pwani yetu mtu anunue mashine yenye uwezo unaozidi kwa mbali mahitaji yake ya siku anayoyapigia hesabu. Mahitaji yakiwa gramu 150, na pampu ikipangiwa saa 8, anahitaji walau gramu 19 kwa saa ili atoshe tu. Achukue 25 au 30. Kusema kwamba kubwa ni ghali ni kusahau kwamba ndogo hununuliwa mara mbili.

Wapo wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini basi tusibaki na klorini ya unga. Mafundi wanaijua, haihitaji umeme, na inapatikana kila mji. Hoja hii ina uzito na haistahili kupuuzwa, kwa hiyo tuipime. Gramu 150 za klorini kwa siku ni gramu 230 za unga wenye nguvu ya asilimia 65, ambao ni kilo 84 kwa mwaka. Seli ya gramu 25 kwa saa, ikiishi saa zake 8,000 kwa nguvu kamili, itakuwa imezalisha kilo 200 za klorini, sawa na zaidi ya kilo 300 za unga huo, kwa uniti kama 1,000 za umeme wa seli yenyewe. Kila mtu anaweza kupiga simu dukani akapata bei tatu: ya seli mpya peke yake, ya kilo 300 za unga, na ya uniti 1,000. Seli na umeme zikizidi unga kwa mbali, aache mashine, na asimsikilize mtu. Zikikaribiana, mashine ina sababu mbili za kushinda. Ya kwanza ni ule mwendo usiokatika niliotaja. Ya pili ni mhudumu wa bwawa. Kijana anayechota unga wa klorini kwa mkono mtupu, akiuhifadhi stoo moja na vidonge vya aina nyingine na madumu ya asidi, anafanya kazi ya hatari kuliko anavyolipwa. Unga wa kalsiamu haipokloraiti ukichanganyika na vidonge vile vyenye asidi ya sayanuriki huweza kuwaka moto au kulipuka, na klorini ya aina yoyote ikimwagiwa asidi hutoa gesi inayochoma mapafu. Kumpunguzia mtu huyo mizigo ya unga ni jambo jema lenyewe, hata pale hesabu ya fedha inapokuwa sare.

Hata hivyo asidi haiondoki, na hapa ndipo ahadi ya kuwasha na kusahau huvunjika. Viputo vya hidrojeni vinavyotoka kwenye seli hufukuza kaboni daioksaidi majini, na pH hupanda wiki hadi wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya bwawa yawe na pH kati ya 7.2 na 7.8, na sababu yake ni ya msingi: kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini huwa katika umbo lake lenye nguvu, na kwenye 8.0 hubaki robo tu. Mashine inaweza kuwa inatoa gramu zote ilizoahidi, kipimo kikaonyesha klorini ipo, na bado maji yakawa hafifu dhidi ya vijidudu kwa sababu hakuna aliyeongeza asidi. Nyumba isiyo na mtu wa kupima maji walau mara moja kwa wiki haijawa tayari kwa mashine hii.

Kisha kuna maji yenyewe. Nyumba nyingi za pwani hazijazi bwawa kwa maji ya bomba. Hutegemea kisima kirefu au boza. Chini ya miji yetu ya pwani kuna mwamba wa matumbawe, ambao huyapa maji chokaa nyingi, na maji ya bahari yameshapenya katika visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Chokaa huganda kwenye mabamba ya upande hasi, huziba nafasi na kupunguza klorini. Mashine nyingi hujisafisha kwa kugeuza mkondo wa umeme kila baada ya saa chache, ila kila mgeuzo hula upako kidogo, hivyo inayoruhusu fundi apange muda wa kugeuza ni bora kuliko isiyoruhusu. Kasha la seli liwe la plastiki inayopitisha mwanga ili chokaa ionekane bila kufungua. Kusafisha kwa asidi kunaruhusiwa, asidi ikiwa imezimuliwa sana na ikimiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Lakini seli inayosafishwa hivyo kila wiki haitazifikisha saa zake zote.

Chumvi ya kisima ina mtego wa polepole zaidi. Bwawa letu la mita za mraba 35 likipoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke, litahitaji lita 175 za kujazia. Mvuke hauondoki na chumvi. Ikiwa maji ya kisima yana gramu 2 za chumvi kwa lita, kila siku gramu 350 zinaingia na kubaki, kilo 10 kwa mwezi, zaidi ya kilo 120 kwa mwaka, mbali na chokaa. Masika yakinyesha vizuri hupunguza, lakini mwenye kisima cha namna hiyo apime chumvi kabla hajamwaga hata mfuko mmoja, vinginevyo baada ya mwaka mashine itagoma kwa kuzidiwa na mkondo. Kwa sababu hiyohiyo, wazo la kujaza bwawa kwa maji ya bahari moja kwa moja halifai kwa mashine hizi: chumvi yake ni mara kumi ya inayotakiwa, kalsiamu na magnesi zake huziba seli upesi, na ina bromidi, inayogeuka kuwa bromini, ambayo asidi ya sayanuriki haiilindi na jua.

Chumvi ya mifuko tunayo yetu, kutoka Bagamoyo, Lindi, Mtwara na Pemba, na kwa Kenya kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni. Ni jambo la kufurahisha kuitumia. Isiwe tu chumvi ghafi yenye matope na jasi, kwa kuwa jasi ina kalsiamu, wala isiwe ya mezani yenye madini joto na dawa ya kuzuia mgando. Iliyooshwa na kukaushwa, yenye usafi wa zaidi ya asilimia 99, inatosha.

Umeme unastahili tahadhari yake. Mashine inayoletwa na ndugu kutoka Marekani huenda imetengenezwa kwa volti 120. Mnunuzi asome kibandiko na atafute 220 hadi 240. Katika mitaa ambako umeme hupanda na kushuka, kisanduku cha mashine huungua mapema kuliko seli, kwa hiyo kifaa cha kulinda volti kihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba seli ifungwe pamoja na pampu, iwe na kihisi cha maji kupita, ili pampu ikizima seli nayo izime. Hidrojeni inayokusanyika ndani ya bomba lililosimama huweza kulipuka. Wakati wa mgao, mashine yenye gramu nyingi hufidia siku iliyopotea ndani ya saa chache, ilhali ndogo huchukua muda mrefu kufidia. Hiyo ni sababu nyingine ya kununua kubwa. Bado stoo iwe na kiasi kidogo cha klorini ya akiba, na watoto wasiingie majini kipimo kikishuka chini ya miligramu 1 kwa lita.

Wenye nyumba za mawe na bustani wana pingamizi lao, nalo ni la kweli. Maji ya gramu 3.5 kwa lita yanaporuka na kukauka ukingoni tena na tena, hula mawe laini ya chokaa na ya matumbawe ambayo wajenzi wa Zanzibar huyapenda kwa uzuri wake. Ngazi ya chuma cha pua cha daraja 304 hupata kutu. Ya daraja 316 huvumilia zaidi. Maji ya kuosha chujio yana zaidi ya miligramu 2,000 za kloridi kwa lita, wakati ladha ya chumvi huanza kuonekana kwenye maji ya kunywa yakizidi 250 hivi. Kuyamwaga kwenye michungwa au karibu na kisima cha jirani ni kumdhuru mtu asiye na bwawa. Anayepanga kujenga anaweza kuchagua mawe magumu na kupanga njia ya maji machafu mapema. Mwenye ukingo wa matumbawe uliokwisha jengwa, naye anaupenda, abaki na unga.

Wengine watasema kwamba haya yote ni shida ya matajiri, na gazeti lina mengi ya kuandika. Nadhani wanasahau jinsi bwawa lililoharibika linavyotibiwa. Likishageuka kijani na familia ikakata tamaa, hutolewa maji yote na kujazwa upya. Lita 50,000 ni maboza matano ya lita 10,000, yanayopita barabarani mbele ya watu waliopanga ndoo tangu alfajiri. Mashine iliyopungukiwa gramu huwafikia watu hao pia. Na katika nyumba za wageni, anayeogelea hana njia ya kujua kama kiwanda kile kidogo nyuma ya ukuta kinatosha.

Kwa hiyo madai yangu kwa Shirika la Viwango Tanzania, kwa lile la Kenya na kwa lile la Zanzibar ni kwamba mashine hizi zisiuzwe kwa ukubwa wa bwawa peke yake. Boksi liseme gramu kwa saa, wati zinazotumika, na saa za uhai wa seli, kwa maandishi yanayosomeka bila kufungua kitabu. Waagizaji wanaoleta mizigo kutoka Dubai na Guangzhou watalizoea sharti hilo kama walivyoyazoea mengine. Hadi hapo litakapokuwapo, mnunuzi anaweza kujitungia sharti lake mwenyewe: muuzaji aandike kwenye risiti gramu kwa saa, saa za seli, dhamana ni ya miaka au ya saa, bei ya seli mpya leo, na kama anayo seli hiyo ghalani au itaagizwa. Seli inayosubiriwa miezi mitatu kutoka ng'ambo ni miezi mitatu ya kurudi kwenye unga. Muuzaji akikataa kuandika, mnunuzi abaki na fedha zake na aendelee na ndoo ya klorini mpaka atakapompata anayekubali.